Gitaa la Kupakatwa: Mwongozo wa Mnunuzi Mwenye Mfuko Mdogo

Kabla hujatoa hata shilingi moja, panda matatu. Simama Karurumo asubuhi, upande wa magari ya Runyenjes na Embu, ungoje ile ya abiria 14, uingie kiti cha nyuma kabisa, katikati. Ukishabanwa vizuri kulia na kushoto, panua mikono kama mtu aliyekumbatia gitaa. Nafasi iliyobaki kati ya kifua chako na mgongo wa kiti cha mbele ndiyo gitaa lako. Mengine yote yanaanzia hapo.

Watu wetu hununua gitaa kwa macho. Mtu anatoka hapa anafunga safari ya Nairobi, saa tatu na ushei barabarani, anaona gitaa limening'inizwa ukutani dukani, jeusi, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi, anarudi nalo. Baada ya mwezi liko juu ya kabati. Si kwamba mwenyewe amechoka na muziki. Gitaa lake halisafiri, na mpiga gitaa wa huku ni msafiri apende asipende. Jumamosi kuna matanga Runyenjes, Jumapili kwaya inamngoja Kyeni, wiki inayofuata ni harusi ng'ambo ya mto Thuci, upande wa Chuka. Gitaa lisilotoka nyumbani halina kazi Karurumo.

Tuchukue mfuko wa shilingi 12,000. Ni pesa ambazo mkulima wa kahawa au wa muguka anaweza kuzitenga bila kugusa karo ya watoto. Sasa sikiliza jambo ambalo hakuna muuzaji atakayekuambia: zigawe kabla hujaondoka nyumbani. Elfu nane ni za gitaa. Elfu nne zifunge kwenye kitambaa, ziweke mfuko mwingine wa suruali, na usizitoe hata muuzaji akikuonyesha gitaa la elfu kumi na mbili lenye maua ya dhahabu mdomoni. Nitakuja kuzieleza.

Kwanza ukubwa. Gitaa la kawaida lina urefu wa mita moja hivi, na uzi wake, kutoka mfupa wa kichwani hadi mfupa wa darajani, una milimita kama 648. Magitaa ya safari yanapunguza hapo. Baby Taylor, lililoanza kuuzwa Marekani mwaka 1996, lina uzi wa milimita 578. Yamaha JR1, ambalo wengi hulidhania la watoto, lina 540. Kuna pia kile kidogo kabisa cha Yamaha kiitwacho guitalele, uzi wa milimita 433, ambacho kinaingia hata kwenye kikapu cha sokoni. Hicho kinafungwa sauti ya juu kuliko gitaa la kawaida, kwa hiyo ukishika koodi ya G uliyoizoea, kinatoa C, na waimbaji wanakutazama. Kwa mtu anayepigia kwaya, kiache dukani.

Utajuaje kama vidole vyako vitakubali shingo fupi? Kuna kipimo cha bure. Chukua gitaa kubwa lolote, la rafiki au la kanisa, ufunge kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya pili. Uzi uliobaki ni kama milimita 577: umeshika Baby Taylor. Isogeze hadi freti ya tatu: sasa uko karibu kabisa na lile JR1. Piga hivyo wiki nzima. Vidole vikigombana, tafuta la uzi mrefu kidogo. Vikitulia, umeokoa nauli ya kwenda Nairobi kujaribu.

Najua utaulizia Baby Taylor na Little Martin. Ni magitaa mazuri, nimeyapiga, na mtu akikuletea moja kutoka Marekani mpokee kwa mikono miwili. Lakini kwa bei yake jirani yangu hununua ndama wa maziwa. Martin wana jingine jembamba kama mwiko wa ugali, Backpacker, na mwaka 1994 lilipelekwa angani na chombo cha Columbia. Huko angani lilikuwa mahali pake. Matangani Runyenjes, watu mia mbili chini ya hema na mvua ikipiga turubai, sauti yake haifiki hata safu ya tatu. Kifua cha gitaa ndicho kipaza sauti chako. Punguza urefu, usipunguze kifua.

Kwa elfu nane, basi, unatafuta gitaa la robo tatu, lile ambalo muuzaji analiita la inchi 36, lenye kifua kilichojaa na nyuzi sita. Litakuwa la plaiwudi, na hapo ndipo wajuzi watakapokuonea huruma. Watakuambia gitaa la kweli lina uso wa ubao mmoja mzima. Ni kweli kwamba ubao mzima unavuma vizuri zaidi na unazidi kukolea kadiri miaka inavyokwenda. Lakini ubao mzima unapenda hewa isiyobadilika, unyevu wa asilimia 45 hadi 55 hivi, na sisi hewa yetu tunaijua. Machi mpaka Mei ni mvua na ukungu. Januari na Februari ni jua na vumbi jekundu. Asubuhi uko juu kwenye majani chai, mchana umeteremka Mbeere kwenye miembe na joto. Ubao mzima unavimba na kunywea mpaka siku moja usiku unasikia mlio kama wa kuni inayopasuliwa. Plaiwudi ina matabaka yaliyogandishwa, nyuzi za mti za tabaka moja zikienda huku na za jingine kule, na yanashikana yasiachane. Haina utamu uleule, ila itafika.

Wala si jambo la kuonea haya. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilitengeneza magitaa ya bei ya chini yaliyoitwa Gallotone, madogo, ya plaiwudi, na ndani ya moja kulikuwa na karatasi ya kumhakikishia mnunuzi kwamba halitapasuka. Hilo liliagizwa kwa posta mwaka 1957 kwa ajili ya kijana wa Liverpool aitwaye John Lennon. Mwaka 1999 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 140,000. Gitaa la plaiwudi kutoka bara hili, dogo kuliko la kawaida, ndilo alilojifunzia.

Na huku kwetu, gitaa kavu halijawahi kungoja mbao za bei. Jean-Bosco Mwenda wa Kongo alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, na mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mjini Jadotville mwaka 1952 vidole hivyo viwili vilitosha kuipa Afrika Mashariki yote kazi ya kuiga. George Mukabi wa magharibi mwa Kenya alikuwa na gitaa kavu, sauti yake, na mwenzake anayegonga chupa ya Fanta. Hata mugithi wa siku hizi, mtindo uliopata jina kwa garimoshi kwa kuwa wachezaji hushikana mmoja nyuma ya mwingine kama mabehewa, mara nyingi ni mtu mmoja na gitaa moja akiongoza baa nzima mpaka usiku wa manane.

Sasa uko dukani. Usiseme umetoka mbali. Usitazame rangi. Chukua kadi tano za benki, zako na za mwenzako, kwa sababu hutanunua gitaa peke yako. Unahitaji mtu wa kulisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Kadi ya benki popote duniani ina unene wa milimita 0.76. Hesabu vyuma vya shingoni mpaka freti ya 12, pale shingo inapokaribia kifua, uzipange kadi tatu kati ya hizo juu ya freti na kuzisukuma chini ya uzi mnene. Zikipita zikiugusa uzi kidogo, una milimita mbili na robo, na gitaa hilo linapigika. Zikipita nne kwa urahisi, jua kuna kazi ya fundi. Zikipita tano, lirudishe ukutani. Gitaa la namna hiyo hukata vidole, na wengi waliosema hawana kipaji cha gitaa walikuwa tu na nyuzi zilizoinuka.

Kisha ligeuze ulitazame kutoka kichwani kuelekea kifuani, jicho moja limefumbwa, kama seremala anavyoukagua ubao kabla ya kuulipia. Shingo iwe imenyooka, au na kibonde kidogo sana. Ikijipinda kama kijiko, acha. Pitisha kiganja kando ya shingo, juu mpaka chini. Vyuma vikikuparura leo, Januari kukikauka vitakuchana. Zungusha kila ufunguo na usikilize uzi: upande polepole bila kurukaruka. Gonga mgongo na kifua kwa kifundo cha kidole kila mahali. Ukisikia mtetemo kama wa debe lenye jiwe ndani, kuna mbao ya tumboni imebanduka.

Halafu gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upate ile sauti ya kengele. Sasa ubonyeze hapohapo uupige. Sauti mbili hizo ziwe moja. Zikitofautiana, gitaa litasema kweli chini na uongo juu, na hakuna wimbo utakaoliponya. Fanya hivyo kwa nyuzi zote sita. Muuzaji atachoka. Mwache achoke, ndizo pesa zako.

Kama ni la mitumba, ongeza kipimo kimoja. Weka rula kwenye uso wa gitaa nyuma ya daraja. Tumbo dogo ni kawaida ya gitaa lililofanya kazi. Tumbo la mama mjamzito ni gitaa linalojiandaa kujitenganisha na daraja lake. Hata hivyo, gitaa la mitumba la kampuni inayojulikana, lililokwisha kuhimili miaka kumi, mimi nalichagua kuliko jipya linalonukia rangi. Kama lina kasoro ya kufa, miaka kumi ingeshaitoa.

Na hapa nina neno la uchungu. Gitaa langu la kwanza la safari nililinunua dukani likiwa na nyuzi za chuma, na kumbe lilikuwa limeundwa kwa nyuzi za nailoni. Sikujua kutazama. Nyuzi sita za chuma za kawaida, zikikazwa sawasawa, huvuta kwa nguvu ya kama kilo 72. Za nailoni huvuta kama kilo 40. Gitaa la nailoni lililofungwa chuma ni punda mmoja aliyebebeshwa mzigo wa punda wawili. Lilivumilia majuma sita. Siku moja likiwa kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani, gluu ikalainika kwa joto, daraja likang'oka zima, likatoka na vipande vya uso. Nilikuwa naenda kumzika mtu aliyenifundisha koodi tatu za kwanza. Niliimba bila gitaa.

Basi tazama daraja. Nyuzi zikifungwa kwa kuzungushwa na kupigwa fundo darajani, hilo ni la nailoni. Zikiingia shimoni na kuzuiwa na vipini vidogo vya duara, ni la chuma. Muuzaji akikuambia yote ni sawa, muage kwa heshima.

Mimi kwa safari za huku nashauri la chuma, kwa sababu sauti yake inakata kelele za watu. Kwenye uzi mfupi funga nyuzi nene kidogo kuliko kawaida, zile zinazoanzia 13 badala ya 12. Uzi ukifupishwa unalegea, na unene unairudisha ile nguvu uliyoipoteza. Taylor wenyewe hufunga 13 kwenye gitaa lao dogo la GS Mini.

Na lile lenye tundu la betri ubavuni, lenye vitufe na taa? Kanisa lina spika, najua, na mzee wa kanisa atakuuliza kwa nini hukununua la kuchomeka. Kwa elfu nane, lile lililotobolewa ubavu limekula pesa za mbao likazitia kwenye vitufe, na vitufe ndivyo hufa kwanza. Nunua lisilotobolewa. Kipokea sauti cha kubana mdomoni mwa gitaa utakinunua mwaka ujao, na siku utakayobadilisha gitaa utakichomoa uende nacho.

Sasa zile elfu nne.

Sehemu ya kwanza ni begi lenye sponji na mikanda miwili ya mabegani. Miwili, si mmoja, kwa sababu ya bodaboda. Gitaa lenye mkanda mmoja huteleza kona ya kwanza na kumgonga mwendeshaji kiunoni, na nyote watatu mnaingia mtaroni. Hata kwa mikanda miwili, kichwa cha gitaa kinapita kichwa chako, kwa hiyo njia ya miembe inama mapema. Sehemu ya pili ni seti mbili za nyuzi, moja ya kufunga siku hiyohiyo na moja ya kuweka, maana zile za dukani zimekaa zikishikwashikwa na kila mpita njia. Sehemu ya tatu ni koti la mvua kuukuu la mtu mzima, la kuvisha begi. Zamani tulivisha mifuko ya plastiki, lakini hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2017, na kusema kweli koti ni bora: lina kofia, na kofia inatosha kichwa cha gitaa sawasawa.

Sehemu ya nne, iliyo kubwa, ni ya fundi. Si lazima awe fundi wa magitaa. Daraja langu liligandishwa na seremala wa vitanda, mtu ambaye hajawahi kupiga hata uzi mmoja. Alikwangua gluu ya zamani kwa ncha ya kisu mpaka mbao mbili zikaonana, akapaka gluu nyeupe nyembamba, akaweka kipande cha mti juu ya daraja, kisha akatoa ukanda wa tyubu ya baiskeli akaliviringa gitaa zima kama mama anavyofunga mtoto mgongoni, mzunguko baada ya mzunguko, kila mmoja akiuvuta kwa meno. Alinikataza kufunga nyuzi kwa siku mbili. Nilifunga siku ya tatu, za nailoni safari hii, na daraja halijasogea tena.

Huyohuyo ndiye anayeweza kukushushia nyuzi. Mpelekee ule mfupa mweupe wa darajani, mwambie ausugue chini kwa msasa uliolazwa juu ya kioo cha dirisha, usipinde. Ukitaka nyuzi zishuke nusu milimita pale kwenye freti ya 12, mfupa upungue milimita moja nzima. Apunguze kidogo, ufunge, upige, urudi. Mfupa uliosuguliwa hauoti tena.

Barabarani kuna adabu zake. Gitaa haliendi buti, nimeshasema kwa nini, wala haliendi juu ya keria na magunia. Legeza kila uzi nusu sauti kabla ya kuondoka. Ukifika, usilitoe begini papo hapo ukitoka kwenye baridi ya juu. Lipe muda wa kikombe kimoja cha chai. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, hasa kama umekula mandazi. Zile nene zikifa sauti na huna pesa, zichemshe dakika kumi kwenye sufuria, uzikaushe. Zitakupa majuma mawili.

Na makanga usigombane naye, mwelewane. Siku ya kwanza niliyopanda na gitaa dogo, yule kijana alilitazama begi, akanitazama mimi.

"Mwalimu, hiyo inalipa kiti."

"Ni gitaa tu, kijana wangu. Nitalipakata."

"Ukipakata ni bure. Lakini likigusa mtu, linalipa nusu."

Tangu Karurumo mpaka Embu sikusogea. Ni kipimo kizuri kuliko vyote nilivyokutajia, na nimekitumia kila mara nilipomsindikiza mtu kununua gitaa. Tunakaa kwenye benchi la duka, mimi kulia kwake na rafiki mwingine kushoto, tumembana, analipakata. Likitugusa, linarudi ukutani.

Mwaka jana tulikuwa tunatoka matangani Chuka, usiku, na gurudumu likapasuka tukiwa karibu kufika Thuci. Dereva akashuka na jeki, makanga akashika tochi ya simu, sisi tukabaki ndani kwa sababu ya manyunyu. Cucu mmoja, bibi mzee aliyeketi mbele yangu, akageuka, akaliona begi.

"Hako katoto ulikokapakata kanalala au kanaimba?"

Nilifungua zipu, nikakaza nyuzi zile nilizokuwa nimezilegeza, na kwenye kiti kilekile, kiwiko changu kikiwa kimebanwa na mtu na kikapu chake cha ndizi, nilipata nafasi ya kupiga. Abiria mmoja akatoa sarafu, akaanza kugonga chupa ya soda. Gurudumu lilipomalizika kufungwa dereva aliingia, akaweka mkono kwenye ufunguo wa gari, akangoja ubeti uishe.